Gari Imekataa Kuwaka Kwa Baridi ya Minnesota? Soma Hii Kabla Uite Wasee Wasukume

Tuseme uko Brooklyn Park, Minnesota, kule Wakenya wamejaa. Ni saa kumi na moja asubuhi, shifti inaanza kumi na mbili. Unapiga starta, gari inasema tu "tk tk tk". Ukikosa job leo, kodi ya keja haijilipi.

Kama baridi yenye unajua ni ya Limuru mwezi wa saba, hiyo ni utani. Tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilishuka hadi digrii 33 chini ya sufuri. Friza ya nyumbani huwa karibu 18 chini. Yaani nje ilikuwa noma kushinda ndani ya friza.

Sasa, mbona betri inanyamaza? Moto wake unatoka kwa kemikali, na baridi inafanya hizo kemikali zilale. Ikifika 18 chini, betri inabaki na karibu nusu ya nguvu. Wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito kama asali, so starta inataka moto mob kuliko kawaida. Betri imechoka, na kazi ndio imeongezeka.

Kwanza zima taa, redio na feni ya hita. Piga starta sekunde kumi hivi, si zaidi, halafu upumzishe dakika mbili. Ukizidi kunyonga funguo kama unagombana nayo, unamaliza ile moto kidogo imebaki.

Na hii story ya kusukuma inafanya kwa gari ya gia za mkono. Huko ndinga nyingi ni otomatiki. Utasukuma hadi ufike job kwa miguu.

Kwa hivyo ni kujampisha. Lakini cheki betri kwanza. Ile imejaa moto haigandi kwa urahisi, lakini ikiisha kabisa asidi yake inakuwa karibu maji tu, na inaganda digrii chache chini ya sufuri. Ukiona imevimba, imepasuka ama iko na barafu, usiijampishe! Inaweza kukulipukia, na uso ni wako.

Kama iko sawa, weka waya nyekundu kwa plus ya betri imekufa, mwisho wake mwingine kwa plus ya gari nzima. Nyeusi inaanzia minus ya gari nzima. Hapo mwisho ndio wengi huchoma: usiirudishe kwa minus ya betri imekufa. Ishikishe kwa chuma tupu ya injini, mbali na betri. Betri hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuiwasha. Acha gari nzima ingurume dakika tano, halafu jaribu yako. Ukitoa nyaya, anza na ile ya mwisho ukirudi nyuma.

Ikishika, usiizime. Endesha kama nusu saa, juu kutoka keja hadi duka haichaji kitu. Na usiiache ikinguruma ndani ya garaji imefungwa eti unaipasha joto. Moshi wake uko na kaboni monoksidi, ile ile gesi ya jiko la makaa yenye huua watu wakiwa wamelala huku kwetu. Haina harufu.

Wenye wamezoea hawangoji asubuhi. Fairbanks, Alaska, na Winnipeg, Kanada, maparking mengi yako na soketi, na gari inachomekwa usiku kama simu ndio hita ipashe injini. Oili pia ni muhimu: ile imeandikwa 0W inateleza kwa baridi poa kuliko 10W, lakini fuata chenye kitabu cha gari kinasema. Ukinunua betri, angalia namba ya CCA. Hiyo ni ampea zenye inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa 18 chini. Yako ikipita miaka mitatu, ipeleke ipimwe Oktoba, kabla theluji ianguke. Maduka mengi ya spea huko Marekani hupima bure.