Kiwanda kikilala, ajira inaenda wapi? Kisa cha korosho

Msimu wa korosho ukifika, Mtawanya na Kibiti yote watu wanaongelea kitu kimoja: bei ya mnada. Baada ya mnada, magunia yanapakiwa kwenye malori, na korosho nyingi ya nchi hii inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko ndiko inakobanguliwa. Yaani gunia likiondoka na maganda yake, limeondoka na kazi ya mtu.

Sasa swali: si tulijenga viwanda? Tulijenga. Kuanzia miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Serikali ilijenga viwanda vya kubangua kuanzia Kibaha hadi Mtwara, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Hesabu ilionekana nzuri, maana msimu wa 1973/74 tulivuna kama tani 145,000. Lakini kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Piga hesabu mwenyewe: hata korosho yote ya nchi ingeingia viwandani, mashine nne kati ya tano zingekaa bure.

Mavuno yalianguka kwa nini? Operesheni za vijiji ziliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, na hapa Rufiji zilianza mapema, baada ya mafuriko ya 1968. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Kisha ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua.

Juu ya hayo ukaja mdororo wa uchumi. Vita vya Kagera vya 1978–79 na mafuta kupanda bei 1979 vilimaliza fedha za kigeni. Hapo ndipo penye fundo. Korosho ilikuwa inaleta dola. Dola ndiyo inanunua vipuri, na hata salfa ya kupulizia mikorosho. Korosho ikipungua, dola inapungua, mashine inasimama, mkorosho unaugua, korosho inapungua tena. Na mashine zenyewe zilikuwa zinavunja punje nyingi, wakati soko linalipa zaidi punje nzima. Mikono ya wabanguaji wa India ilizishinda.

Cha ajabu, wafanyakazi wengi hawakufukuzwa mara moja. Shirika la umma lilikuwa linabaki na watu wake hata kazi ikiwa haipo. Kilichokufa kwanza ni thamani ya mshahara. Mjini nako, 1983 ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi, na watu wasio na kazi Dar es Salaam wakakamatwa na kupelekwa vijijini kulima. Kwa maoni yangu walichanganya ugonjwa na mgonjwa: kazi ndiyo iliyokosekana, wao wakatafuta mvivu. Punguzo lenyewe la wafanyakazi lilikuja baadaye, mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990. Baadhi ya viwanda vya korosho vikaishia kuwa maghala.

Na leo? Kijana akipoteza kazi Dar anarudi nyumbani Kibiti, anaazima bodaboda ya kaka yake. Kwa kipimo cha kimataifa, ukifanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya wiki, una ajira. Kwa hiyo akipata abiria wawili watatu kwenye barabara ya Lindi, kwa kipimo hicho hahesabiwi kwenye wasio na kazi.