Betri ya Rimoti na Maji ya Kilwa

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Sasa jiulize: nani anayatazama maji saa nane usiku kule juu bondeni, kusiko na umeme wala nyumba? Kazi hiyo tunaweza kumpa kihisi. (Wengine husema sensa. Mimi neno hilo naliachia kuhesabu watu.)

Kifaa chenyewe ni kijisanduku kisichopitisha maji. Kinapima kina, kisha kinatuma namba kwa mawimbi ya redio hadi kipokezi kilichofungwa mnarani, penye intaneti. Shida ni chakula chake.

Tupige hesabu. Chukua betri ya lithiamu, ukubwa wa ile ya rimoti, yenye mAh 2,400 (ndiyo ile mAh unayoiona kwenye betri ya simu). Kifaa kikikaa macho muda wote, kikila miliampia 10, siku ya kumi kimezima. Kwa hiyo tunakilaza. Usingizini kinakula miliampia 0.01 tu. Kila saa kinaamka, kinatuma kwa sekunde moja na nusu hivi kwa miliampia 40, kinarudi kulala. Kwa siku, kutuma ni mAh 0.4 na usingizi 0.24. Gawanya: zaidi ya miaka 10! Ila usifurahi mapema. Joto la pwani linaimaliza betri hata isipotumika. Mimi ningeamini nusu yake.

Halafu mafuriko hayasubiri saa itimie. Ukitaka namba kila dakika, betri inakata kwenye siku ya 100 hivi. Afadhali kipime kila dakika, maana kupima hula kidogo kuliko kutuma, lakini kitume kila saa. Maji yakipanda ghafla, hapo ndipo kianze kutuma kila dakika. Mafuriko ya siku 3 yatakula mAh 72 hivi. Bei hiyo naikubali bila kubisha.

Ukishuka ufukweni, mambo ni mengine. Redio haipenyi maji ya chumvi. Funga antena kwenye mkoko wakati wa maji mafu, bamvua likija linaifunika, na data inapotea saa ile ile maji yako juu kabisa. Muulize mvuvi wa pale bamvua hufika wapi, kisha panda juu zaidi. Majani ya mikoko nayo yanadhoofisha mawimbi. Kurusha data kutoka Kilwa Kisiwani hadi Kilwa Masoko, juu ya maji matupu, ni rahisi kuliko umbali huo huo ndani ya mikoko.

Na kipokezi je? Hicho hakilali, kinasikiliza usiku na mchana, kwa hiyo kinataka paneli ya sola na betri kubwa yake chenyewe. Kimbunga kikiondoka na umeme pamoja na mtandao wa simu, vihisi vyote vinabaki kumwambia kiziwi. Kwa hiyo kila kimoja kiwekewe kumbukumbu ya ndani, namba zikae humo mpaka mnara urudi hewani.