Mbwa wa shamba: "utafiti unasema" ni utafiti wa nani?

Vijana wa Muheza na Pangani, mnaambiwa sayansi inasema mbwa lazima apigwe ili ajue bosi ni nani. Uliza kwanza: walichunguza mnyama gani? Wazo hilo lilianzia kwa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, kwenye maandishi ya Schenkel ya 1947. Mwaka 1999 David Mech alionyesha kwamba porini kundi la kawaida ni wazazi na watoto wao.

Bila fimbo inawezekana? Pale SUA, Morogoro, APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu kwa mlio na chakula.

Nawe jaribu wiki mbili: akiacha kuku, mpe kipande cha dagaa papo hapo. Kila siku andika daftarini amefukuza mara ngapi. Daftari ndilo likuamulie, siyo maneno ya kijiweni. Ukimzoesha fimbo atakukimbia wewe, ngedere wabaki na mahindi.