Taka za kazini ni amana ya mkuu wa kazi

Ndugu msomaji, kila Ijumaa kabla ya adhana, misikiti ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hufagiliwa, mazulia hukung'utwa na mahali pa kutawadhia pakasuguliwa. Waumini nao huoga, hujitia manukato na kuvaa kanzu zilizopigwa pasi. Fadhila za twahara hiyo zinajulikana, wala hatuna haja ya kuzirudia hapa. Tunalotaka kulitazama ni lile lifuatalo baada ya sala, pale kila mmoja anaporejea dukani, ofisini, hotelini, gereji au sokoni. Je, usafi ule huandamana nasi hadi kazini, au tunauacha pale pale tulipochukua viatu vyetu?

Kauli yetu ni hii: taka za mahali pa kazi si shauri la mfagizi peke yake. Ni amana iliyo shingoni mwa mkuu wa kazi, na usafi au uchafu wa mahali hapo huamuliwa mezani kwake kabla ufagio haujashikwa.

Mji wetu una ushahidi

Karne ya 19 mji huu ulisifika kwa karafuu, na ulisifika pia kwa uvundo. Daktari David Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1866, alilalamikia harufu ya ufuo ambao wakazi waliufanya jaa lao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1869, kipindupindu kiliingia na kuendelea hadi mwaka 1870, kikaua watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyeyashuhudia hayo, aliyaandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya bomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Hadi leo Mzanzibari huyaita maji hayo "maji ya mfereji". Tuzingatie jambo moja. Kabla ya hapo wakazi wa mji hawakuwa wavivu, na wachota maji hawakukosa bidii. Kilichobadilika ni kwamba mwenye uwezo wa kuamua aliamua, akatoa mali, akaweka na watu wa kuisimamia kazi.

Mzigo wa leo ni mkubwa kuliko wa zama zile. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 476,111 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Juu ya hao, mwaka 2023 walifika wageni zaidi ya 600,000, wengi wao wakipita katika Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kila mgeni hula na kunywa, na kila chupa anayoimaliza hubaki kisiwani.

Kipindupindu nacho hakikuishia katika vitabu vya kale. Mwaka 2015 na 2016 kilirejea Zanzibar, maelfu wakaugua na makumi wakafariki. Maradhi hayo hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Basi mtaro ukizibwa na mifuko na makopo, mvua ya masika ikanyesha, maji ya vyoo na ya mvua huchanganyika na kuingia mabarazani, majumbani na visimani. Aliyetupa takataka mtaroni huenda akawa Darajani, na atakayeugua akawa mtoto wa Ng'ambo.

Kisiwa hakina "kule"

Wengi wetu husema tumetupa taka "kule". Kisiwani hakuna kule. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye vitundu na nyufa. Taka zikirundikwa ovyo juu yake, maji machafu yanayochuruzika humo hupenya chini kwa wepesi, na chini ndiko yaliko maji tunayoyachota visimani. Anayemwaga oli chafu ya gari nyuma ya gereji yake huenda anaimwaga katika kata ya jirani yake.

Ndani ya Mji Mkongwe pana uzito mwingine. Vichochoro vyake ni vyembamba, gari la taka haliwezi kuingia, hivyo uchafu husukumwa kwa mikokoteni hadi barabarani, kisha husafirishwa mpaka jaa la Kibele katika Wilaya ya Kati. Kila kilo tunayoizalisha bila sababu ina mtu anayeisukuma na mafuta yanayoichukua.

Mkuu wa kazi afanye nini?

Kwanza, atazame anachonunua. Taka huingia kwa mlango wa mbele kabla ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Wazee wetu walikwenda sokoni na kikapu cha ukili, na mzigo ukafungwa katika pakacha lililooza lenyewe shambani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria imefungua njia. Ofisi inayoweka mtungi wa maji na bilauri badala ya kununua chupa ndogo za plastiki kila kikao imeshaelewa makusudio yake.

Pili, ahakikishe taka zinatengwa pale pale zinapozaliwa. Tuchukue mfano wa hospitali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida, na 15 tu ndizo zenye hatari. Ikiwa sindano moja iliyotumika itatupwa katika pipa la karatasi, pipa zima limekuwa la hatari, na anayelibeba hajui. Kanuni ni hiyo hiyo jikoni mwa hoteli. Maganda na mabaki ya chakula yakitengwa huwa mboji au chakula cha mifugo. Yakichanganywa na vigae na betri hayamfai mtu. Chupa nazo zina wateja: zipo karakana hapa Unguja zinazozikata na kuzigeuza bilauri na taa.

Tatu, ajue taka zake zinakwenda wapi. Haitoshi kumlipa mtu mwenye gari na kufumba macho. Akienda kuzimwaga usiku kichakani au katika shimo la mchanga lililoachwa, aliyemtuma ana sehemu yake katika kosa hilo. Mkataba uandikwe, mchukuzi awe anayetambuliwa, na hesabu ya kilichotoka iwekwe kama inavyowekwa hesabu ya fedha.

Nne, amtazame anayeishika kazi yenyewe. Glavu, buti na sabuni si hisani kwa mzoa taka. Ni haki yake, kama ulivyo ujira wake kwa wakati. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwapo mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipofariki, watu waliliona jambo hilo dogo, wakamzika bila kumwarifu. Mtume alipomkosa alimuulizia, akataka kuonyeshwa kaburi, akenda akamsalia. Tulitafakari hilo kwa jicho la uongozi: mkuu wa umma mzima alitambua kwamba mfagizi hayupo. Ni wakuu wangapi wa idara leo wanalijua jina la anayefagia ofisi zao?

Hoja ya gharama

Wapo watakaosema kwamba haya yanahitaji fedha. Tunakubali kuwa mapipa matatu ni ghali kuliko moja. Lakini gharama ya kuchanganya nayo hulipwa, ila hulipwa na asiyekuwapo mezani: mzoa taka aliyechomwa na sindano, mama aliyeuguliwa na mwana, mvuvi aliyevua mfuko badala ya samaki. Kumtwisha mwingine mzigo wako si kubana matumizi, ni dhulma.

Wapo pia wauzaji wadogo watakaosema: sisi tunalipa ushuru sokoni, na uchafu bado uko pale pale. Neno lao lina haki. Muuza mchicha hawezi kuendesha gari la taka. Ndiyo maana tunasema amana hupanda pamoja na cheo. Manispaa, wizara na mamlaka nazo ni mahali pa kazi, na wakuu wake wataulizwa kwa kadiri ya uwezo waliopewa. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 ipo. Sheria isiyosimamiwa ni karatasi, na karatasi nayo ni taka.

Basi, ndugu msomaji uliyepewa usimamizi, hata wa watu wawili, tunakuomba wiki hii uulize maswali matatu: tunanunua nini tusichokihitaji, taka zetu hulala wapi usiku, na anayezibeba anaitwa nani. Ukikosa jibu la moja, hapo ndipo pa kuanzia kazi. Wabillahi tawfiq.