Zamu ikipita hairudi: Nzi wa ndizi anavyojenga ubongo wake

Ndizi zikiiva kupita kiasi mezani, haupiti muda mrefu kabla hujaona nzi wadogo wenye macho mekundu wakizizunguka. Si wale nzi wanaotaga mayai ndani ya maembe na kuwatia wakulima hasara. Hawa wana urefu wa milimita tatu hivi, hawaumi, na wanachokifuata hasa ni hamira inayoota juu ya tunda linaloanza kuoza. Wanasayansi humwita Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika: mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba wamewapata wakiishi porini katika hifadhi ya Matobo, Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ongo.

Ubongo wa nzi huyu ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Hata hivyo, ramani kamili ya ubongo wa nzi jike, iliyochapishwa Oktoba 2024, ilihesabu ndani yake nyuroni 139,255, yaani seli za neva zinazopokea na kupeleka taarifa. Nyuroni hizo si za namna moja. Ziligawanywa katika aina zaidi ya 8,000: za kunusa, za kuona mwendo, za kukumbuka, za kujua njia.

Sasa piga hesabu. Ukiacha sehemu za kuonea, kila upande wa ubongo huo hujengwa na seli shina kama 100 tu, yaani seli mama zinazozaa nyingine. Mama 100 wanawezaje kuzaa watoto wa aina maelfu? Watafiti wamelifuatilia swali hilo kwa miongo kadhaa, na jibu lao litaeleweka kwa urahisi na yeyote anayejua tofauti ya kifungua mimba na kitinda mimba.

Mama na binti

Seli shina ya neva ya nzi huitwa nyuroblasti. Haigawanyiki sawa kwa sawa. Kila inapogawanyika hutoa seli mbili: moja kubwa inayobaki kuwa mama, na nyingine ndogo, binti. Kwa kawaida binti huyo hugawanyika mara moja tu, akatoa nyuroni mbili, na kazi yake ikaishia hapo. Mama huendelea na uzazi.

Tofauti yao hupangwa kabla hawajatengana. Mama husukumia upande mmoja wa mwili wake protini maalumu, zikiwamo Prospero na Numb, ili zimwangukie binti peke yake. Urithi huo ndio unaomwambia binti kwamba yeye si mama tena, aache kugawanyika bila kikomo na ajiandae kuzaa nyuroni.

Jambo la kwanza linaloleta tofauti ni mahali. Katika kiinitete cha nzi, kila nusu ya pingili ya mwili ina nyuroblasti 30 hivi, zimejipanga kwa safu kama viwanja vilivyopimwa, kila kimoja na namba yake. Nyuroblasti ya 7-1 iko safu ya saba, na ukoo wake haufanani na wa jirani yake. Lakini mahali peke yake hapatoshi, kwa sababu watoto wa mama yuleyule, kwenye kiwanja kilekile, nao hutofautiana.

Kila mtoto na zamu yake

Mwaka 2001 kundi la Chris Doe wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, lilionyesha kwamba mama huyu ana saa ndani yake. Anapoanza kuzaa huwa na protini iitwayo Hunchback. Baadaye hiyo hupungua, ikaingia Krüppel, kisha Pdm, kisha Castor. Kazi ya protini hizi ni kuwasha na kuzima jeni nyingine. Binti anayezaliwa wakati wa Hunchback huondoka na alama ya Hunchback, na anayezaliwa wakati wa Castor huondoka na alama ya Castor. Nyuroblasti ya 7-1, kwa mfano, hutoa kwa mfuatano nyuroni tano zinazoendesha misuli, na mtaalamu anaweza kuzitambua moja baada ya nyingine kwa hadubini.

Majina hayo yana kisa chake. Hunchback ni kibiongo kwa Kiingereza, na Krüppel ni kilema kwa Kijerumani. Jeni za nzi mara nyingi hupewa jina kwa namna buu linavyoonekana jeni hiyo ikiharibika. Zote mbili zimo katika orodha maarufu iliyochapishwa mwaka 1980 na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis.

Ushahidi wa kwamba zamu ndiyo inayoamua ulipatikana kwa kuivuruga. Hunchback ilipoondolewa, vifungua mimba havikuonekana, ila wadogo zao walizaliwa kama kawaida. Hunchback ilipolazimishwa kubaki, mama aliendelea kuzaa vifungua mimba mmoja baada ya mwingine.

Je, mama aliyekwisha kuvuka zamu hiyo anaweza kurudishwa nyuma? Kwa muda mfupi, ndiyo. Baadaye, hapana. Mwaka 2013 kundi hilohilo lilieleza sababu mojawapo: baada ya migawanyiko kadhaa, jeni ya Hunchback huhamishwa hadi ukingoni mwa kiini cha seli, mahali ambapo jeni hunyamazishwa. Tangu hapo hata mama akirudishiwa protini ya ujana wake, hawezi tena kuzaa mtoto wa kwanza.

Kulwa na Doto

Tofauti ya tatu hutokea binti anapogawanyika. Nyuroni mbili anazozaa ni pacha, lakini kama Kulwa na Doto, kila mmoja ana tabia yake. Mmoja hurithi protini ya Numb na mwingine huikosa. Neno hilo la Kiingereza lina maana ya ganzi, kwa sababu nzi wasio na jeni hiyo hupungukiwa na nyuroni za kuhisi. Aliyeikosa husikiliza ishara iitwayo Notch. Aliyeirithi huzibwa masikio asiisikie. Hivyo pacha hao hushika njia mbili, na mara nyingine mmoja wao hufa mapema.

Mahali, zamu na upacha vikizidishana, aina huongezeka upesi. Nzi ameongeza mbinu nyingine. Mwaka 2008 makundi matatu ya watafiti yaliripoti kwamba kila upande wa ubongo una nyuroblasti nane ambazo binti zao nao ni mama wadogo, wanaogawanyika mara kadhaa kabla ya kuzaa nyuroni. Mwaka 2013 ilibainika kwamba mama wadogo hao nao wana saa yao. Saa ya bibi na saa ya mama zinakutana katika mjukuu mmoja. Koo hizo nane huchangia nyuroni nyingi za kitovu cha ubongo, ambako nzi hupatia mwelekeo wa safari yake.

Mama asiyejua kuacha

Uzazi huu una mwisho. Kabla nzi hajakomaa, karibu nyuroblasti zote huwa zimekoma, ama kwa kufa au kwa kugeuka nyuroni. Urithi wa binti ukivurugika, mambo huharibika. Mwaka 2005 Emmanuel Caussinus na Cayetano Gonzalez walichukua vipande vya ubongo wa mabuu ambao seli zao shina haziwezi kugawa urithi ipasavyo, wakavipandikiza tumboni mwa nzi wazima. Vilikua zaidi ya mara 100 ya ukubwa wake wa awali, vikavamia sehemu nyingine, na nzi hao wakafa ndani ya wiki mbili. Seli shina isiyojua lini iache iligeuka saratani.

Inatuhusu nini?

Mtu si nzi. Ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86, na haujengwi kwa ramani ileile. Ila baadhi ya vifaa vya kazi vinafanana. Panya wana jeni iitwayo Ikaros, ndugu wa Hunchback. Mwaka 2008 kundi la Michel Cayouette mjini Montreal, Canada, lilionyesha kwamba Ikaros huipa retina ya panya uwezo wa kuzaa seli zake za mapema. Notch na Numb nazo tunazo.

Kwamba seli shina zikivurugwa ubongo huharibika, tumejifunza kwa uchungu kupitia virusi vya Zika, vilivyogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Mlipuko wa Brazil wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba virusi hivyo vinaweza kushambulia seli shina za ubongo wa mtoto tumboni, naye akazaliwa na kichwa kidogo mno. Watafiti walipoweka protini moja ya Zika, NS4A, ndani ya mabuu ya nzi, ubongo wao ulidumaa. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba protini hiyo huingilia kazi ya jeni ya ANKLE2, ambayo kasoro zake zilikwisha kuhusishwa na tatizo hilohilo kwa watoto wasio na Zika.

Sehemu kubwa ya nyuroni za gamba la ubongo wetu hutengenezwa kabla hatujazaliwa, na madhara makubwa zaidi ya Zika hutokea mama akiambukizwa katika miezi mitatu ya kwanza. Mpaka sasa hakuna chanjo ya Zika iliyoidhinishwa. Mbu mkuu anayeieneza, Aedes, ambaye pia hueneza dengi na chikungunya, huuma zaidi mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Funika mapipa ya maji, mwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, na mjamzito avae nguo za mikono mirefu mchana. Mimba ikiwa changa, homa yenye vipele isisubiriwe ipite yenyewe. Aende kliniki siku hiyohiyo.