Uvujaji mdogo wa mvuke wa petroli katika magari

Uvujaji mdogo wa mvuke wa petroli ni hitilafu inayotokea pale mfumo wa kuzuia mvuke wa mafuta wa gari unapopata tundu au ufa mdogo unaopitisha mvuke kwenda hewani. Tundu hilo linaweza kuwa na kipenyo cha nusu milimita tu. Gari halipungui nguvu wala halidondoshi mafuta, na mara nyingi dereva hasikii hata harufu. Dalili pekee ni taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi. Ndiyo maana wamiliki wengi hubadilishiwa vipuri vizima kabla tundu lenyewe halijapatikana.

Mfumo wenyewe

Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba hidrokaboni na oksidi za nitrojeni, zikipigwa na jua, huzalisha ozoni na ukungu mchafu uliokuwa ukifunika jiji la Los Angeles. Jimbo la California lilidai mvuke wa tangi udhibitiwe kuanzia magari ya modeli ya 1970, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1971.

Mvuke kutoka kwenye tangi hupita katika mpira hadi kwenye kanista, yaani kopo lenye kaboni amilifu inayoushika. Injini ikiwa inafanya kazi, vali ya kunyonya hufunguka na mvuke huvutwa kwenda kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Upande wa pili wa kanista kuna vali ya hewa, inayoruhusu hewa safi kuingia. Jambo la kukumbuka ni kwamba bila umeme vali ya kunyonya hukaa imefungwa, na vali ya hewa kwa kawaida hukaa wazi. Fundi asiyejua hilo atapima mfumo ulio wazi na kudhani umetoboka.

Gari linavyojipima

Kuanzia modeli ya 1996 magari mapya ya Marekani yalitakiwa kuwa na kompyuta inayojikagua. Mwanzoni ilipaswa kugundua tundu la milimita 1. Tangu modeli ya 2000 kiwango cha nusu milimita kilianza kuingizwa hatua kwa hatua. Kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika miaka hiyohiyo hazikudai kipimo cha tundu, bali ukaguzi wa waya za vali tu. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kutofautiana: moja likawasha taa, na jingine likavuja miaka mingi kimya.

Njia ya kawaida ni kufunga vali ya hewa, kuacha injini ivute hewa kutoka kwenye tangi, kisha kufunga vali ya kunyonya na kutazama mvuto huo unapotea kwa kasi gani. Magari mengine husubiri injini izimwe: tangi lenye joto lililofungwa hupanda shinikizo, na likipoa hupata mvuto. Visipoonekana vyote viwili, kompyuta huhesabu kwamba kuna tundu. Mengine yana pampu ndogo ya kazi hiyo.

Petroli ya moto nayo huongeza shinikizo, na hilo hufanana kabisa na tundu. Kwa hiyo kipimo hufanyika injini ikiwa imepoa, mafuta yakiwa kati ya asilimia 15 na 85 ya tangi, na katika magari mengi joto la nje lisizidi takriban nyuzi 35. Kwa kawaida taa huwaka hitilafu ikionekana katika safari mbili mfululizo.

Kutafuta tundu

Msimbo P0455 humaanisha uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, na P0456 mdogo sana. P0457 huelekeza kwenye kifuniko cha tangi. Msimbo hauonyeshi mahali pa tundu. Husema tu kwamba tundu lipo.

Kifuniko hukaguliwa kwanza kwa kuwa ni rahisi: mpira wake usiwe na nyufa, na mdomo wa tangi usiwe na kutu. Kisha hufuata vali ya kunyonya. Injini ikiwa baridi na inaunguruma polepole, mpira unaotoka kwenye kanista huchomolewa kwenye vali na kidole kuwekwa mdomoni mwa vali. Kukiwa na mvuto, vali haifungi. Gari linalowaka kwa shida baada tu ya kujazwa mafuta mara nyingi lina ugonjwa huo.

Visipoonekana hivyo, hutumika mashine ya moshi. Moshi wa mafuta ya madini husukumwa kwa shinikizo dogo sana, takriban kilopaskali 3.5, huku vali ya hewa imefungwa. Kifuniko hulegezwa hadi moshi utoke, ili kuhakikisha mfumo umejaa, kisha hukazwa. Taa kali husaidia kuona moshi juu ya tangi penye sili ya pampu, kwenye mipira iliyopasuka na kwenye kanista. Kipimo cha mtiririko cha mashine kikishuka hadi sifuri, hakuna tundu wakati huo, na kuendelea kukodoa macho ni kupoteza muda.

Hewa ya kompresa ya gereji haifai kamwe. Inaweza kupasua tangi, na hewa ikichanganyika na mvuke wa petroli inaweza kulipuka kwa cheche moja. Wengi hupendelea nitrojeni.

Chanzo wakati mwingine ni cha ajabu. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita magari ya Mazda6 nchini Marekani kwa matengenezo kwa sababu buibui walikuwa wakijenga utando ndani ya mpira wa hewa. Utando ukiziba, mvuto unaweza kupasua tangi. Mazoea ya kuongeza petroli baada ya bomba la kituo kujikata nayo hupeleka mafuta ndani ya kanista na kuiharibu.

Baada ya matengenezo

Kufuta msimbo huzima taa papo hapo, lakini hufuta pia kumbukumbu ya vipimo. Huenda siku kadhaa zikapita kabla masharti ya kipimo hayajatimia tena, hasa penye joto. Uthibitisho wa kweli ni mashine ya kusomea misimbo kuonyesha kwamba kipimo cha mvuke kimekamilika bila msimbo kurudi.