Njia za baiskeli zaleta fedha kijijini, ila mwenye shamba ndiye mhimili

WAKULIMA wengi hupima thamani ya ardhi kwa magunia ya mavuno au lita za maziwa. Katika kijiji cha East Burke, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, malisho na misitu hupimwa pia kwa idadi ya baiskeli zinazopita humo.

Vermont ni jimbo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Katika miaka ya 1940 lilikuwa na zaidi ya mashamba 11,000 ya maziwa. Kufikia 2023, yaliyosalia hayakufika 600. Bei duni ya maziwa na gharama kubwa ziliwasukuma wengi kuacha ufugaji, na vijiji vilivyotegemea mashamba hayo vikalazimika kutafuta riziki kwingine.

Mnamo 1994, wafanyabiashara na wakazi wa eneo hilo walianzisha chama kisicho cha kutafuta faida, Kingdom Trails. Wazo lao lilikuwa rahisi: kuunganisha njia za miguu, za farasi na za magogo zilizopita mashambani, kisha kuwaalika wapanda baiskeli za milimani. Leo mtandao huo una zaidi ya kilomita 160 za njia.

Chama hakikununua ardhi hiyo. Sehemu kubwa ni mali ya watu binafsi wapatao 100, ambao huruhusu njia kupita kwao bila kutoza kodi. Sheria ya Vermont humkinga mwenye ardhi anayewaruhusu watu kujiburudisha kwake bila malipo, ili asishtakiwe ovyo mgeni akianguka na kuumia.

Fedha zinavyozunguka

Mpanda baiskeli hununua kadi ya uanachama ya siku moja au ya mwaka mzima. Mapato hayo huwalipa wafanyakazi wa njia, na kununua vifaa, mbao za madaraja na vibao vya kuelekeza wageni.

Faida kubwa hata hivyo iko nje ya lango. Mgeni hulala, hula, hununua mafuta ya gari na kutengeneza baiskeli. Katika mji wa Burke, wenye wakazi wasiozidi 2,000, njia hizo zilitembelewa zaidi ya mara 130,000 mwaka wa 2019. Baadhi ya wageni hutoka mkoa wa Quebec nchini Canada, ambao hauko mbali.

Kutegemea wageni kuna hatari zake. Kuanzia Machi 2020 hadi Novemba 2021, mpaka wa nchi kavu ulifungiwa watalii kutoka Canada kwa sababu ya Covid-19, na wafanyabiashara wakawakosa wateja hao.

Kazi ya kuhifadhi udongo

Mkulima aliyewahi kuchimba matuta ataelewa kazi hii mara moja. Njia nzuri ya baiskeli haishuki mlima moja kwa moja, kwani mvua ikinyesha ingegeuka mtaro. Hukatwa ubavuni mwa mlima, na ukingo wake wa chini huinamishwa kidogo ili maji yavuke bila kutiririka ndani ya njia.

Kanuni inayotumiwa na wajenzi wengi ni kuwa mwinuko wa njia, kwa wastani, usizidi asilimia 10, wala usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Penye unyevu, hujengwa daraja la mbao ili magurudumu yasikanyage mizizi na kinamasi.

Theluji inapoyeyuka mapema katika majira ya kuchipua, njia hufungwa hadi udongo ukauke. Chama hupoteza mapato ya wiki kadhaa, lakini gurudumu moja kwenye tope huacha mfereji ambao maji huupanua.

Wenye ardhi walipofunga milango

Pigo kubwa lilikuja Desemba 2019. Wenye ardhi watatu walitangaza kuwa hawataki tena baiskeli kwenye ardhi yao. Baadhi ya njia zilizopendwa sana zilikatika kwa siku moja. Malalamiko yaliyokuwa yakisikika kijijini yalikuwa msongamano wa magari na wageni waliokosa adabu, wakipita kana kwamba ardhi haina mwenyewe.

Chama kiliongeza watu wa kuwaelekeza wageni, kikasisitiza heshima kwa wenye ardhi, na kuagiza uchunguzi kuhusu idadi ya wageni ambayo mtandao wake unaweza kuhimili. Biashara iliyojengwa kwa miaka 25 ilikuwa imeonyesha kuwa inaning'inia kwenye hiari ya jirani.

Funzo kwa vikundi vya humu nchini

Nchini Kenya, Sheria ya Misitu ya 2005, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2016, iliruhusu wakazi kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Katika msitu wa Karura jijini Nairobi, wageni hulipa kuingia kutembea na kuendesha baiskeli. Mnamo 2025, agizo kuwa malipo yote yapitie eCitizen lilizua mvutano kati ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na chama cha Friends of Karura Forest, hadi mahakamani.

Kikundi kinachopania mradi kama huu chafaa kuafikiana mambo manne kwa maandishi kabla ya kushika jembe: nani anamiliki ardhi na ameiruhusu kwa muda gani, nani anapokea fedha, nani anatengeneza njia mvua ikiiharibu, na wageni wasizidi wangapi kwa siku. Baiskeli za kukodisha zaweza kununuliwa baadaye. Imani ya jirani ikishapotea, haina duka.